Gari la spoti la zamani kwa safari za kila siku: MGB, 240Z, 911 au MX-5?

Ulinganisho huu haumhusu mtu anayelifunika gari lake kwa turubai Jumapili jioni na kulifunua Jumapili inayofuata. Unamhusu anayetaka kuliwasha Jumatatu asubuhi akiwa amechelewa, mvua inanyesha, foleni haisogei, na usiku arudi nalo likiwa na mizigo. Mtu huyo akiomba ushauri huelezwa habari za kasi, sauti ya eksozi na sura. Hayo anayajua tayari, ndiyo yaliyompa ugonjwa. Asichoelezwa ni namna kila gari linavyodai. Yapo yanayodai kidogo kidogo kila wiki: paka grisi hapa, kaza pale, rekebisha platini (kontakti zinazokatiza umeme ili plagi zipate moto). Yapo yanayonyamaza mwaka mzima kisha yakadai kwa mkupuo. Anayeliweza deni la kwanza si lazima aliweze la pili.

Nimechagua manne. MGB ya Uingereza ilitoka 1962 ikaundwa hadi 1980, ikiwa na injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 1,798 na nguvu farasi 95 hivi. Datsun 240Z ilizinduliwa Japani mwaka 1969, silinda sita katika mstari mmoja, lita 2.4, mlango mkubwa nyuma. Kwa Porsche 911 nimechukua Carrera 3.2 ya mwaka 1984 hadi 1989, silinda sita za kulala zinazopozwa kwa hewa, farasi 231 kwa toleo la Ulaya. La nne ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoonyeshwa Chicago Februari 1989, lita 1.6, uzito chini ya tani moja. Wapo watakaosema MX-5 si gari la zamani. Wahesabu miaka upya.

Porsche 944 nimeiacha nje, ingawa ni gari zuri na bodi yake imepakwa zinki. Mkanda wake wa taiming ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na kubadilisha klachi yake ni kazi ya kushusha vitu vingi vya nyuma kwanza. Anayenunua la bei rahisi mara nyingi ananunua mkanda ambao hajui ulibadilishwa lini.

Ufunguo ukizungushwa

Mpaka mkubwa kati ya haya manne haupiti kwenye mwaka wala kwenye nchi. Unapita kati ya kabureta, ambamo petroli huvutwa na hewa inayoingia kwenye injini, na injekta, zinazoinyunyiza kwa presha.

MGB ina kabureta mbili za kampuni ya SU. Asubuhi yenye baridi unavuta choki ya kuongeza petroli, unapiga stata, unasubiri, unairudisha choki taratibu injini inapopata joto. Ukiisahau, plagi zinajaa masizi na mafuta ya ziada yanasafisha oili kwenye kuta za silinda. Pampu yake ya petroli ya umeme, nayo ni SU, hupiga tik-tik-tik ukifungua swichi, kisha hutulia kabureta zikijaa. Siku ikinyamaza tangu mwanzo, wenye MGB hujua la kufanya: kuigonga kwa mpini wa bisibisi ili kontakti zake zilizonata ziachane. Inachekesha hadi siku inyeshe mvua na wewe uko chini ya gari. Za kabla ya 1974 zina betri mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti, mahali ambapo hakuna anayepakagua mpaka zife. Wengi wameziondoa na kuweka moja ya volti 12. Ukikuta bado ni mbili, usilihesabu kuwa kosa, ila ujue kuna kazi inakusubiri.

240Z nayo ni ya kabureta mbili, za Hitachi zilizoigiza muundo wa SU, na injini yake huwaka vizuri kuliko ya MGB ikiwa imetunzwa. Tatizo lake ni joto. Ukiizima kwa dakika kumi dukani, petroli iliyobaki kwenye mabomba na kabureta hupata mvuke, na kuiwasha tena kunahitaji subira. Toleo la 1973 lililouzwa Marekani lilipewa kabureta tofauti kwa ajili ya sheria za moshi, zenye kifuniko bapa, nazo ndizo zilizolaumiwa zaidi kwa shida hiyo. Wenye magari hayo wengi walirudisha zile za mwanzo. Kama moyo wako uko kwenye Z lakini hutaki kabureta, tazama 280Z ya mwaka 1975 hadi 1978. Ni nzito zaidi na bampa zake hazipendezi, lakini ina injekta za Bosch. Kwa mtu wa kila siku ningeichukua hiyo bila kufikiri mara mbili, hata kama wapenzi wa 240Z watanuna.

911 Carrera 3.2 ina Motronic ya Bosch, kompyuta moja inayosimamia mafuta na moto wa plagi kwa pamoja. Unazungusha ufunguo, linawaka. Ndugu yake mkubwa, SC ya 1978 hadi 1983, ina injekta zinazoendeshwa kwa mitambo, K-Jetronic. Ni mfumo imara, ila injini ikirudisha mlipuko wakati wa kuwashwa boksi la hewa la plastiki linaweza kupasuka. Kuna valvu ndogo ya kuachia presha ambayo wamiliki huipachika kwenye boksi hilo, na ni kitu cha kwanza kukitafuta unapofungua boneti ya SC, ambayo bila shaka iko nyuma.

MX-5 huwaka. Sina la kuongeza hapo.

Kutu

Hapa ndipo fedha zinapoishia, na hapa ndipo nimeona watu wenye akili wakinunua rangi badala ya gari. Injini iliyochoka hufunguliwa, ikarekebishwa, ikarudi. Bodi iliyoliwa na kutu inahitaji mtu wa kukata na kuchomea kwa miezi, na gari la kila siku halina miezi ya kukaa gereji.

MGB haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwenye toleo la wazi, ambalo halina paa la kusaidia, nguvu imewekwa kwenye vizingiti vya milango. Kila kizingiti ni bati juu ya bati, na kuta zake za ndani huoza bila kuonekana kwa nje. Fundi mvivu hufunika kwa bati jipya la nje, anapaka rangi, anauza. Jaribio la kumuumbua ni rahisi: fungua mlango uone ulivyokaa, ufunge, pandisha gari kwa jeki karibu na katikati, kisha jaribu kuufungua tena. Ukikwama, au mwanya wa juu ukibana, gari linakunjika katikati. Ondoka. Faraja iliyopo kwa MGB haipo kwa mengi ya umri wake: kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kamili za gari hili tangu 1988. Bei yake si ya mzaha, ila njia ipo.

240Z ndiyo mbaya kuliko yote katika suala hili. Bati lake lilikuwa jembamba na kinga dhidi ya kutu ilikuwa hafifu. Angalia chini ya sinia la betri, sakafu pande zote mbili, vyuma virefu vinavyopita chini ya sakafu, na matao ya matairi ya nyuma. Angalia pia chini ya zulia la buti. Beba sumaku; isiponata, chini ya rangi kuna puti. Na ukikuta gari limepakwa lami nzito nyeusi kote chini, jiulize inaficha nini.

Porsche ilianza kutumia mabati yaliyopakwa zinki kwa bodi nzima ya 911 kuanzia magari ya mwaka 1976. Ndiyo sababu 911 ya miaka ya themanini inaweza kukaa nje mvua na jua, na nyingine ya mwaka 1972 ikikaa hivyo huisha. Zinki si dawa ya milele: palipochomelewa baada ya ajali hapana zinki tena, na kutu ikiingia kwenye boksi la betri, kwenye vizingiti au kuzunguka vioo, husambaa polepole. Kwa hiyo kwenye 911 swali si umri bali historia ya ajali.

MX-5 ina ugonjwa mmoja wa kipuuzi. Maji yanayoteremka kwenye turubai la paa hupita kwenye mirija miwili nyuma ya viti na kutokea chini. Majani na vumbi vikiziba mirija hiyo, maji huingia ndani ya vizingiti upande wa nyuma, mbele ya matairi, na kuviozesha toka ndani. Kuizibua ni kazi ya dakika tano kwa waya laini. Gari linaloweza kuokolewa kwa dakika tano kwa mwaka linaozeshwa na uvivu wa dakika tano.

Foleni na joto

Foleni ndiyo mtihani ambao watengenezaji wa magari haya hawakuufikiria sana. MGB ya kabla ya mwisho wa 1967 haina sinkro, kifaa cha kulinganisha kasi ya meno kabla hayajashikana, kwenye gia ya kwanza. Maana yake huwezi kuirudisha gia hiyo gari likiwa bado linatembea bila kelele ya meno, na kwenye foleni ya kusogea hatua tatu na kusimama hilo hukuchosha kuliko klachi yenyewe. Tafuta za baadaye. Tafuta pia yenye ovadraivu, gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini, kwa sababu bila hiyo injini hupiga kelele sana ukienda mwendo wa barabara kuu.

911 haina rejeta wala maji. Ina feni kubwa na oili nyingi, zaidi ya lita kumi kwenye mfumo mzima, pamoja na kipoza oili cha mbele. Injini yenyewe huvumilia foleni kuliko unavyotarajia. Anayeumia ni dereva, maana kiyoyozi chake cha asili ni dhaifu, na joto la ndani wakati wa baridi hutoka kwenye maboksi yanayozunguka mabomba ya eksozi, hivyo hupanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Maboksi hayo yakitoboka, au injini ikivuja oili juu yake, unapashwa kwa moshi. Kuna jambo jingine ambalo wageni wa 911 hukosea: oili hupimwa injini ikiwa na moto, ikiunguruma, gari likiwa limesimama pa tambarare. Nimemwona fundi akiipima ikiwa baridi na imezimwa, akaona fimbo kavu, akaongeza lita mbili. Oili ya ziada ilitokea kwenye chujio la hewa, na gari likawa linafuka kama tanuri la chokaa.

240Z ina tabia ya kuvuta moshi wa eksozi ndani kupitia raba za mlango wa nyuma na taa za nyuma zilizokauka, hasa ukifungua dirisha la mbele. Badilisha raba zote kabla hujaanza kuitumia kila siku. Si suala la harufu tu, moshi huo una sumu.

MX-5 ina rejeta ndogo ya alumini yenye matangi ya plastiki. Tangi la juu likibadilika rangi kuwa kahawia, badilisha rejeta kabla haijapasuka. Paa lake hufungwa kwa mikono miwili ukiwa umekaa, na dirisha la nyuma la plastiki hukunjika na kupasuka. Kioo kinapatikana kama mbadala.

Breki, taa, na lile ambalo hatupendi kulisema

Yote manne husimama vizuri yakiwa na breki nzima na tairi jipya. Tairi jipya si lile lenye kashata nene; soma tarakimu nne ubavuni, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Magari haya hutembea kidogo, kwa hiyo mengi husimama sokoni yakiwa na tairi zenye sura nzuri na umri wa miaka kumi na tano.

911 inahitaji neno la peke yake. Injini iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukiingia kona yenye maji kwa kasi, ukaogopa, ukaachia mafuta ghafla, mkia hutaka kutangulia. Kwa gari la Jumapili hilo ni somo. Kwa gari la kila siku, ambalo utaliendesha ukiwa umechoka na akili iko kwenye mambo mengine, ni hatari ya kweli. Mwendo wa kawaida haukuonyeshi tabia hiyo, ndiyo maana humkuta mtu ghafla.

Taa za MGB na 240Z ni dhaifu kwa barabara za leo. Nusu ya udhaifu huo hutokana na umeme wote kupita kwenye swichi ya dashibodi kwa nyaya nyembamba zilizochoka. Weka rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme) na nyaya mpya, mwanga huongezeka bila kubadilisha kitu kingine.

Na ajali. MGB na 240Z hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS zinazozuia matairi yasikwame, milango yake ni bati jembamba, na magari mengi ya leo yana boneti iliyo juu ya kichwa chako. 911 ya 3.2 ina bodi imara zaidi lakini nayo haina mifuko ya hewa. MX-5 zilizouzwa Marekani zilikuwa na mfuko wa hewa upande wa dereva tangu mwanzo, na ABS ilipatikana baadaye kwa malipo ya ziada. Kwingine angalia gari lenyewe. Hakuna hata moja kati ya haya linalokaribia gari dogo la kawaida la leo. Kama mtoto ndiye abiria wa kila asubuhi, mimi ningefunga mjadala hapo, hata kwa 911 yenye viti viwili vidogo vya nyuma.

Yanavyodai

MGB hudai kila mara lakini hudai kidogo. Kingpini za mbele, pini ambazo magurudumu hugeukia, zinataka grisi kila kilomita 5,000 hivi. Platini huchakaa na mwanya wake hubadilika. Moto wa kielektroniki unaofichwa ndani ya distribyuta huondoa kazi hiyo, na ni badiliko la kwanza ninalolipendekeza. Hedi yake ya chuma ilitengenezwa enzi za petroli yenye risasi, iliyokuwa ikivikinga viti vya valvu, kwa hiyo uliza kama viti vya valvu vya eksozi vimebadilishwa kuwa vigumu. Mabomba ya raba ya petroli yawe ya aina inayostahimili ethanoli, la sivyo yatalainika na kuvuja juu ya injini yenye moto. Spea zake zinapatikana hadi skrubu ya mwisho, na kazi nyingi mtu mwenye seti ya spana na subira anazifanya mwenyewe.

240Z ina injini ngumu kufa na spea za mitambo zinapatikana. Vipambo vya ndani, raba maalumu na vitu vya dashibodi ndivyo vinavyotafutwa kwa tochi, na thamani ya gari hili imepanda kiasi kwamba kuliacha mbele ya duka kunakutia wasiwasi. Gari unaloliogopea haliwi la kila siku.

911 ndilo gari la deni la mkupuo. Valvu zake hurekebishwa kila kilomita 24,000 hivi, na fundi asiyejua kazi hiyo hapaswi kuigusa. Taiming yake ni ya cheni, si mkanda. Vikaza cheni vya 3.2 vinalishwa kwa presha ya oili na ni vya kuaminika kuliko vya zamani, vilivyokuwa vikiua injini. Kwa SC uliza kama vilibadilishwa. Gaidi za valvu za 3.2, yaani mirija inayoziongoza valvu, huchakaa, na injini ikianza kunywa oili kwa kasi, kufungua sehemu ya juu ni gharama ya kununua MX-5 nzima. Kati ya mkupuo mmoja na mwingine, hata hivyo, ni gari linalotembea bila kulalamika mvua na jua. Anayetaka giaboksi nyepesi atafute za 1987 kwenda mbele, zenye giaboksi ya G50.

MX-5 hudai kidogo na hudai mara chache. Mkanda wa taiming ubadilishwe karibu na kilomita 100,000, na hata ukikatika valvu hazigusani na pistoni. Unasimama barabarani, unavutwa, unaweka mpya. Jihadhari na injini za 1.6 za miaka ya mwanzo, 1989 hadi 1991. Ncha ya krenki yake, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ni fupi, na bolti ya puli isipokazwa inavyotakiwa hulegea na kuila ncha hiyo, na ikishaliwa krenki imekwisha. Puli ikiyumba wakati injini inaunguruma, usiendelee na mazungumzo ya bei.

Nani achukue lipi

Ukiwa na gari hili moja tu na kazi isiyosubiri, chukua MX-5, na usione aibu. Ikiwa una fundi mzuri wa 911 karibu na akiba iliyotengwa ambayo huigusi kwa shughuli nyingine, Carrera 3.2 itakupa siku nyingi zisizo na tukio kuliko MGB na 240Z zote. Bila fundi huyo, hata akiba haitoshi.

MGB namshauri mtu anayependa kushika spana, anayeishi karibu na kazi, na mwenye namna nyingine ya kufika siku gari likigoma. Achukue GT yenye paa la chuma: haikunjiki kirahisi, haivuji sana, na ina mlango wa nyuma wa kupakilia. 240Z iliyo safi ningeiacha kwa wikendi na kutafuta 280Z kwa wiki. Iliyooza ningeiacha kabisa.

Kabla ya kulipa, pigia bima. Sera nyingi za magari ya zamani ni nafuu kwa sababu zina kikomo cha kilomita na haziruhusu safari za kazini. Ukipata ajali ukielekea kazini, unafuu huo unakwisha siku hiyo. Kisha mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini kwanza. Ikiwa ina moto, mshukuru, umwambie utarudi kesho asubuhi.